Raba Zilizolala Kwenye Mafuta ya Taa

Ile Jumamosi naikumbuka hadi harufu yake, mwanangu. Ingekuwa harufu inafuliwa, ningekuwa nimeifua zamani.

Juzi ulinipigia simu, Simiyu, ukaniambia umejitengenezea pipa la kuoshea vipuri hapo nyuma ya nyumba yako. Ukaniuliza, "Shosh, babu alikuwa anatia nini kwa pipa lake?" Nikacheka, nikakuambia nitakuandikia. Baada ya kukata simu sikucheka tena. Mimi shule niliiachia darasa la nne, kwa hivyo usitafute hapa mambo ya kemia. Nitakuambia yale mikono yangu iliyashika, halafu nitakuambia na lile ambalo hata mama yako Nekesa hajawahi kulisikia.

Miaka ya tisini ilipoanza tulikuwa tunaishi nyumba za kanjo, za baraza la jiji la Nairobi, huku Eastlands, mwendo mfupi kutoka soko la Burma. Babu yako Wanjala alikuwa fundi wa magari, na gereji yake ilikuwa kile kiwanja cha nyuma, kati ya kamba ya nguo na ukuta wa choo. Muoshaji wa vipuri nilikuwa mimi. Yeye anafungua, mimi naosha, yeye anafunga. Wanawake wa mtaa walikuwa wananiita fundi wa pili, na nisikudanganye, jina hilo lilinipendeza kuliko kitenge kipya.

Mwanzoni tulioshea petroli, kama kila mtu. Petroli inaondoa grisi upesi, hilo silikatai. Lakini mvuke wake unatambaa chini chini bila kuonekana, unatafuta moto, na stovu yangu ilikuwa hatua sita tu kutoka hapo. Halafu Nekesa, mtoto mdogo, akaanza kukohoa na kulia kwamba kichwa kinamuuma. Babu yako akaiacha. Tukajaribu thina, ile ya kuzimulia rangi, ikaninyonya mikono mpaka ngozi ikapasuka na sikuweza kukanda unga. Hiyo nayo akaikataza. Mwisho akakata pipa, akalisimamisha juu ya mawe, akaweka wavu ndani ili uchafu uzame chini, akatia mafuta ya taa na kulitengenezea kifuniko cha bati. Hilo lilikuwa la kuoshea chuma peke yake.

Raba za breki, zile pete laini zinazozuia mafuta ya breki yasivuje, zilikuwa na chombo chao, beseni la buluu. Maji na sabuni, suuza, anika kivulini, kisha pangusa kwa mafuta ya breki yaliyo safi. Alinieleza mara moja tu, kwa upole wake ule. Raba ya breki ikinywa mafuta ya taa inavimba na kulegea, na haivimbi mbele ya macho yako, inangoja ifike barabarani.

Nikasikia. Moyoni nikasema kuosha ni kuosha.

Kulikuwa na mzee mmoja, Mzee Kariuki, ndiye aliyemfundisha babu yako kazi. Alikuwa akipita kwetu kunywa chai, na tabia yake ilikuwa kunusa kipuri kabla hajakishika vizuri. "Mama Nekesa," ananiambia watu wakisikia, "hiki umekiosha ama umekichemsha?" Namjibu kwamba siku nikifungua gereji yangu nitamwandika kazi ya kunusa. Tulikuwa tunacheka sana pale nyuma.

Sasa hiyo Jumamosi. Mutiso, jirani yetu aliyekuwa akibeba nyama kwa pikapu kutoka Burma, alileta gari breki zikiwa zimechoka. Babu yako akafungua, akaona zile raba bado nzuri, akaniachia nizioshe pamoja na vyuma vyake, naye akaenda mjini kutafuta paipu moja. Mimi nilikuwa na kwaya siku hiyo. Beseni la buluu nilikuwa nimeloweka ndani yake sare yangu nyeupe ya kanisa. Nikalitazama lile beseni, nikatazama pipa. Kumwaga yale maji na kutafuta chombo kingine ni kazi ya dakika ngapi, mwanangu? Nikatia kila kitu kwenye pipa, chuma na raba, nikafunika, nikaenda kuimba.

Nikarudi alasiri. Raba zilitoka nyeusi, zinang'aa kama zimetoka dukani. Nikazipangusa. Babu yako aliporudi akazigeuza kiganjani, akatabasamu. "Leo umeniweza," akasema. Alipozitia kwenye silinda akaona zinaingia kwa kukaza, akafurahi zaidi, akadhani zimekaza kwa uzima. Nami nikasimama hapo nikipokea sifa.

Siku ya tano, asubuhi, Mutiso alikuwa anateremka kuelekea Mathare na mzigo wa nyama. Akakanyaga breki, pedali ikazama hadi chini na gari lisishike. Mbele yake kulikuwa na akina mama kwenye foleni ya maji, na upande kulikuwa na ukuta. Akachagua ukuta. Mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti.

Ndinda, mke wa Mutiso, alikuja akasimama kwenye lango letu mtaa mzima ukitazama. Hakupiga kelele. Alimwambia babu yako, "Wanjala, tulikuamini kama ndugu. Sasa njoo umvalishe kiatu, kile kimoja." Babu yako akainamisha kichwa, akasema, "Ni mimi, Ndinda. Ni mikono yangu." Mimi nilikuwa nimeshika lango. Mdomo ulikuwa wangu, hakuna aliyeuziba. Nikatazama chini.

Siku mbili baadaye Mzee Kariuki akaja. Babu yako alikuwa ameenda hospitalini kumwona Mutiso, na vile vipuri alikuwa amevifungua kwenye pikapu iliyobondeka, akaviweka kwenye mkebe bila kuvitazama. Mzee akatoa raba moja, imevimba kama mdomo wa mtu aliyeumwa na nyuki. Akainusa. Akainusa tena. Kisha akatazama mikono yangu.

"Mama Nekesa," akasema, na hakukuwa na mzaha hata kidogo, "raba hii imelala kwenye mafuta ya taa. Mumeo hawezi kufanya hivi. Nilimfundisha mimi."

Nikaanza kueleza kuhusu kwaya. Akainua mkono.

"Mimi simwambii. Hiyo ni yako. Lakini mwambie leo, akirudi tu, kabla hajavua koti. Ukingoja kesho utapata sababu, na keshokutwa utapata nyingine."

Nikasema ndiyo, Mzee. Babu yako akarudi, akavua koti, nikampa chakula.

Mzee Kariuki hakuja tena kunywa chai kwetu. Nikipishana naye Burma alikuwa ananisalimia kwa heshima zote, na heshima hiyo ilinichoma kuliko matusi.

Babu yako akauza spana. Vijana wa mtaa wakampa jina, akipita wanaita, "Niaje, Fundi Ukuta," naye anawapungia mkono kana kwamba ni haki yao. Akawa anakwenda Industrial Area alfajiri kusimama kwenye milango ya viwanda na wanaotafuta kibarua, mtu aliyekuwa akisikiliza injini na kuutaja ugonjwa wake. Jirani akimwomba atazame gari tu, atazame, mikono ilikuwa inatetemeka. Nami kila siku nilikuwa nangoja siku nzuri ya kusema. Nilingoja miaka tisa.

Alipougua, mchana mmoja nikiwa namkanda miguu, akaniambia, "Mama Nekesa, nimeifunga ile breki kichwani mara nyingi sana. Sioni nilipokosea."

Nikamwambia, "Pumzika, Baba Nekesa."

Ndilo jibu alilokwenda nalo.

Mwaka jana nilijikokota hadi kwa Mutiso. Anatembea kwa gongo, mvi zimemjaa. Nikamwambia yote, beseni, sare, pipa. Aliikoroga chai yake mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Hiyo ungempelekea Wanjala, mama." Akanisindikiza hadi mlangoni, kwa gongo lake.

Basi sikiliza, Simiyu, na wengine wenu mnaofungua gereji nyumbani. Kabla hujauliza utie nini pipani, uliza unaosha nini. Petroli usiifanye sabuni, hata uwe na haraka ya namna gani. Mafuta ya taa yaoshe chuma, nje, mbali na moto, mikono ikiwa na glavu na pipa likiwa na kifuniko, na yakichakaa usiyamwage kwenye mtaro wanapochezea watoto. Raba ya breki ni maji na sabuni, na ikigusa mafuta hayo itupe, hata kama inang'aa. Hasa kama inang'aa. Na vyombo viwe viwili siku zote, hata siku una nguo za kuloweka.

Na siku utakapokosea, maana utakosea, useme siku hiyo hiyo, mtu akiwa bado na koti mwilini. Babu yako angenisamehe. Nilimjua. Angekasirika wiki moja, kisha angenunua beseni jingine, na angekufa akiwa fundi.

Barua hii msomee mama yako. Mwambie baba yake hakukosea mahali popote.

Mungu aitulize mikono yako, mwanangu, isitetemeke kwa kosa la mtu mwingine. Akupe na mke au rafiki mwenye mdomo mwepesi kuliko wangu. Kila gari litakalotoka kwako lisimame pale dereva anapotaka lisimame.