Mjusi Aliyeniuliza Choo Kiko Wapi

Saa nne asubuhi, mjusi mwenye kimo cha futi saba aliingia dukani kwangu akauliza choo kiko wapi.

Sitanii.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa nampima mama mmoja kiuno. Alipomwona, alipiga ukelele akajifungia kwenye chumba cha kujaribia nguo.

Mimi sikukimbia. Mjusi yule nilimshona mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Kwenye ghala la jirani, muongozaji mmoja alikuwa anapiga filamu ya kutisha: mwanasayansi anajidunga dawa, anageuka mjusi. Vazi la mjusi akanipa mimi nilishone. Nami nikawa na maswali.

"Kaka, mtu wa kilo sitini anageuka dude la kilo mia tatu. Hizo nyingine zimetoka wapi?"

"Dawa, dada."

"Na suruali yake?"

"Inachanika."

"Mbona akirudi kuwa mtu anayo?"

Akajifanya anasoma simu.

"Haya, na haja ndogo? Zipu niweke wapi?"

Akapandwa na hasira. "Mjusi hana zipu! Wewe shona, watazamaji hawaulizi hayo."

Nikashona. Asubuhi ile nikamvalisha mwigizaji, nikamfungia ndani kwa uzi. Kumbe jamaa ameshakunywa chai vikombe vitatu.

Sasa yuko mbele yangu anarukaruka, mkia unaangusha vitambaa.

"Dada, nakufa. Kata!"

Nikashika mkasi. Muongozaji naye huyo, mbio, anahema.

"Usithubutu! Vazi ni hilo hilo moja, na ghala tunalo leo tu!"

Wiki tatu za kazi yangu, jamani! Nikachungulia kwenye matundu ya macho. Mjusi analia.

Nikakata. Shingoni mpaka mkiani.

Jamaa akachomoka na bukta yake, akapotelea uani. Alirudi uso umenawiri kama bwana harusi.

Mlango wa chumba ukafunguka kidogo.

"Amesharudi kuwa mtu?" mama akauliza.

"Amerudi."

"Basi nimalizie kiuno."

Muongozaji alininunia, lakini nilishona zipu pale pale na kazi ikaendelea.

Filamu ilipotoka nilikaa kiti cha nyuma kabisa, nijifiche watu wakiiona ile zipu. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Kumbe muongozaji alibadilisha hadithi yote: mjusi anazunguka mji mzima akitafuta choo!

Mwishoni majina yakapita. Langu nikalitafuta kwa mafundi. Halipo. Roho ikaniuma.

Kisha likaja peke yake, na cheo pembeni: Mshauri wa Sayansi.

Mimi! Niliyefeli sayansi tangu darasa la tano!

Funzo? Ukiambiwa swali lako ni la kijinga, liulize tena, kwa sauti. Huenda kuna mtu mahali fulani amebanwa.