Picha Iliyompa Mtu Kifua Kikuu

Mtu akiniambia kwamba siku hizi kutengeneza bango ni kazi rahisi, kompyuta inafanya kila kitu, huwa nabana meno. Ni rahisi, sibishi. Na urahisi huohuo ndio unaonitia hasira.

Nilikuwa nimeajiriwa na shirika dogo pale Korogwe, ofisi ya vyumba vitatu nyuma ya maduka. Kwenye karatasi cheo changu kilikuwa afisa mawasiliano. Kwa vitendo nilikuwa mpiga picha, mwandika barua, fundi wa printa iliyotafuna karatasi kila wiki, na mtu wa kuitwa intaneti ilipokatika. Programu ya kutengeneza mabango nilijifunza mwenyewe kwa kubahatisha, kisha tukapelekwa semina ya siku mbili.

Mwalimu alitoka Dar, na kazi yake anaijua, sina ugomvi naye. Alitukataza kuvuta nembo ya mfadhili mpaka ionekane imevimba. Alisema aina mbili za herufi zinatosha, ukizidisha hapo bango linakuwa kanga ya harusi. Usiandike kwa njano juu ya nyeupe, mzee wa Kwamsisi mwenye mtoto wa jicho hataona kitu. Acha nafasi pembeni, mashine ya kuchapa isije ikala maneno. Chapa nakala moja kwanza, ibandike ukutani, rudi nyuma hatua tano, ujaribu kuisoma. Ukimtumia mchapaji kwa WhatsApp, tuma faili lenyewe, usitume kama picha, litafika limefifia. Yote niliyaandika kwenye daftari, na yote ni kweli, nayafuata mpaka leo. Lakini kwa siku mbili nzima hakuna aliyeuliza, mwalimu wala sisi tuliokuwa tukinywa soda za semina: huyu mtu unayembandika ukutani, mwenyewe anajua?

Kwenye kompyuta ya ofisi nilikuwa na folda niliyoiita PICHA NZURI. Humo nilitupa kila sura iliyonipendeza. Moja nilikuwa nimeiandika "mama anacheka". Sikuandika mama gani, wa wapi, wala anacheka nini. Kumbe mimi nilijua. Alikuwa mama wa Kabuku, mjane sasa, wakati ule mumewe yu hai. Tulikwenda shambani kwake siku ya kugawa mbegu za mahindi, nikakanyaga tope mpaka kiatu kikabaki humo, naye akacheka kwa moyo wote, mkono kiunoni. Nilimuuliza, "Mama, nikupige picha?" Akauliza ya nini. Nikamwambia ya mbegu. Akasema, "Haya, piga."

Ya mbegu. Hayo ndiyo tuliyokubaliana, mimi na yeye, tukiwa tumesimama kwenye tope.

Picha ilikaa kwenye simu yangu miezi mingi. Simu ilipojaa nikaipitisha kwa WhatsApp, nikaipakua kwenye kompyuta, nikaifuta kwenye simu. Ikipita njia hiyo picha inavuliwa kila kitu: siku iliyopigwa, saa, mahali. Kinachobaki ni sura tupu, na kompyuta inaipa tarehe ya siku ilipoipokea. Hili nililijua vizuri. Ndilo jambo nililokuwa nikiwafundisha wenzangu ofisini kwa majivuno.

Kisha akaja mfadhili wa kifua kikuu, na bango likatakiwa ndani ya wiki moja. Mkurugenzi wetu, mtu wa maneno matamu na haraka nyingi, alitaka sura ya mtu wa kawaida, tena mtu huyo azungumze mwenyewe. "Watu wanaamini ushuhuda," alisema. Nikafungua PICHA NZURI. Nilibonyeza mara moja tu, shamba lote nyuma ya yule mama likatoweka, magunia, tope, na kiatu changu. Nikamwekea rangi ya samawati nyuma. Chini ya kidevu chake nikaandika kwa herufi kubwa, zinazosomeka hatua kumi: "Nilikohoa muda mrefu. Nilipima, nikatumia dawa, nikapona. Kifua kikuu kinatibika." Nafasi pembeni niliacha. Nembo sikuivuta. Ofisi nzima walinipongeza, na mimi, mpumbavu, nikafurahi.

Mabango yakapelekwa zahanati, ofisi za vijiji, vituo vya mabasi. Yalifika Kwamsisi, yakafika Segera, yakafika Kabuku, kibanda kwa kibanda, mbele ya watu waliomjua mama yule tangu ujana wake. Na kazi iliyokuwa ikimlisha ni kuuza chai na maandazi kando ya barabara.

Alikuja Korogwe mwenyewe. Aliingia ofisini asubuhi na kitu kimekunjwa ndani ya kanga. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia "Marahaba" bila kunitazama, akakunjua bango juu ya meza yangu. Pembe zake zilikuwa zimechanika kwa kubanduliwa.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Nikainyoosha pembe moja iliyochanika kwa kidole.

"Nakuuliza, mwanangu. Huyu ni nani anayekohoa? Maana mimi sijawahi kuumwa kifua tangu nizaliwe."

Akaeleza, bado kasimama, kiti alikikataa. Kwanza walikoma kuja madereva wa malori. Wakafuata walimu. Halafu mashoga zake waliokuwa wakinywa chai hapo wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Alikwenda kupima, akapewa karatasi kwamba hana kitu, akawa anawaonyesha wateja. Wakamwambia karatasi hununuliwa, na lisemwalo lipo. Binti yake akatumiwa lile bango kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, chini yake watu wameandika pole. "Wananipa pole," alisema. "Ya nini? Nimefanya nini mimi?"

Mkurugenzi alitoka chumbani kwake, akamwita mama yetu mpendwa, akamwagizia soda, akamwahidi kwamba jambo lake linashughulikiwa. Mama aliiacha soda bila kuifungua. Alipoondoka, nilidhani tutapanda pikipiki siku ileile kwenda kubandua. Bosi alifunga mlango.

"Fomu yake ya ridhaa iko wapi?"

Nikamwambia hakuna.

"Basi itengenezwe. Mfadhili akisikia, tumekwisha. Picha ilipigwa lini?"

Nikasema sikumbuki siku yenyewe. Akainama juu ya bega langu, akaniambia nifungue maelezo ya faili. Tarehe ikatokea. Akaigonga kwa kidole kwenye kioo. "Hiyo hapo. Kompyuta haidanganyi. Andika hiyo."

Nilijua si tarehe ya picha. Nilijua ni siku niliyoketi kwenye kiti kilekile nikisafisha simu yangu. Nikakaa kimya kama maji mtungini, nikaandika. Kila nikiukumbuka ukimya ule natamani kujizaba kibao. Watu hufikiri uovu unataka ujasiri. Mimi ulinitaka ninyamaze na kubonyeza "chapa".

Fomu ilitoka safi mno. Ilisema kwamba siku hiyo, shambani kwake Kabuku, mama huyu kwa hiari yake alipigwa picha na afisa wa shirika, akakubali itumike kwa shughuli zote. Mahali pa sahihi niliweka mstari mwembamba, uliolingana na ukingo wa karatasi, kama nilivyofundishwa. Bosi akanipa na vipande vya sabuni na kilo za sukari nimpelekee. "Wewe anakupenda," akasema. "Ongea naye kama mwanawe."

Jumamosi nikashuka Kabuku. Kibanda chake ni nguzo nne na bati, benchi moja mbele, lingine nyuma kwenye kivuli. Vibanda vya jirani vilikuwa na watu, wengine wamesimama. Kwake hapakuwa na mtu. Sufuria la maandazi lilikuwa limejaa mpaka juu, limefunikwa kitambaa cheupe kilichofuliwa vizuri, na mwenyewe ameketi kandokando yake anapunga nzi ambao hata hawakuwepo. Nilipomwona hivyo, sabuni mkononi mwangu nikaiona ni matusi. Lakini niliendelea. Nilikwenda benchi la nyuma, nikamwamkia, nikampa mzigo, nikatoa fomu.

"Ni ya nini?"

"Ni ya ofisi, mama. Ukitia sahihi, mambo yatakwenda haraka."

"Mtabandua?"

"Tutabandua."

Nilitegemea ataomba kalamu. Badala yake alifuta mikono kwenye kanga, akaichukua karatasi, akaanza kuisoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikicheza. Bosi wala mimi hatukuwa tumefikiria kwamba atasoma. Kidole kilifika kwenye tarehe, kikasimama.

"Mwezi huu," alisema. "Mwezi huu uliouandika mimi nilikuwa eda."

Sikumwelewa mara moja.

"Baba watoto alikwishazikwa. Nilikuwa ndani. Miezi minne na siku kumi, mwanangu, shamba silioni, maji naletewa, sauti ya mwanamume wa nje naisikia ukutani tu. Kabuku nzima walikuja kunihani, wanajua nilikaa vipi." Aligeuza karatasi upande wangu. "Na wewe umeandika hapa kwamba siku hiyo nilikuwa shambani, nimesimama na mwanamume, nacheka."

Nikaiona ile picha upya. Mkono kiunoni, meno yote nje. Pamoja na tarehe yetu, ilikuwa picha ya mjane anayecheka ndani ya eda ya mumewe.

"Ugonjwa mlionipa," akasema taratibu, "angalau hospitali imeniandikia kwamba sina. Hili nani ataniandikia?"

Nikamwambia ukweli, maana sikubakiwa na kingine. Kwamba tarehe ni ya kompyuta. Kwamba picha ni ya siku ya mbegu, mumewe akiwa hai, tena alikuwa palepale shambani anapakua magunia.

"Ulijua wakati unaandika?"

"Nilijua."

"Ukaandika."

"Niliandika, mama."

Alinirudishia fomu. Sukari na sabuni akavisogeza kwa mguu mpaka vikagusa kiatu changu. Hakupaza sauti, na laiti angepaza. Mimi ndiye niliyekuwa na hasira, na kila nilipoitafutia mtu wa kumwangushia, bosi, mfadhili, mwalimu wa semina, iliwapita wote ikanirudia. Niliichana fomu vipande. Alinitazama tu, kama mtu anayetazama mtoto anayevunja kitu ili aonekane amejuta.

"Sasa hiyo itanisaidia nini mimi?" akauliza. "Mabango mtabandua?"

Nikamwambia naanza leo, ukuta kwa ukuta, kwa mikono yangu.

"Na yaliyo kwenye simu za watu?"

Faili nililitengeneza jepesi makusudi ili lisambae haraka hata mahali penye mtandao mbovu. Lilisambaa. Hakuna kitufe cha kuliita lirudi.

Mama alinitazama fulana, ile ya kijani ya shirika, nembo kifuani, ileile iliyokuwa kwenye pembe ya bango.

"Toka huku nyuma," akasema. "Nenda ukae benchi la mbele, pale panapoonekana. Ule."

Nikatoka. Akanimiminia chai, akaniwekea maandazi mawili kwenye sahani ya bati, akaisogeza mpaka ukingoni mwa meza, upande wa barabara. Nikala. Basi la Tanga likasimama, abiria wakachungulia madirishani. Wauza machungwa wakatazama, wakanong'onezana. Nilipomaliza akaweka mengine mawili bila kuniuliza. Nikala hayo pia.

Mama mmoja akaja na mtoto mgongoni. Kwa namna walivyotazamana nilijua aliwahi kuwa mteja wa kila siku. Alisimama mbali kidogo, akasoma fulana yangu.

"Nyie si ndio wale wa kifua kikuu?"

Nikasimama. Nikasema kwa sauti, vibanda vyote wasikie. "Ndio sisi. Picha ile niliiweka mimi kwenye bango bila kumwambia. Niliipiga siku ya kugawa mbegu, marehemu mumewe yupo. Maneno niliyaandika mimi. Huyu mama haumwi na hajawahi kuumwa. Mwongo ni mimi."

Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, akamtazama mwenye kibanda, akalitazama sufuria.

"Aa," alisema. "Poleni."

Kisha akavuka kwenda kununua maandazi kibanda cha jirani.

Mama mwenye kibanda hakugeuka kumtazama. Alifunua kitambaa, akachukua andazi jingine, akaliweka kwenye sahani yangu.

"Kula," akasema.