Ngwe Ishirini za Nyanya

Mwalimu mmoja chuoni aliniambia nitakufa na swali mdomoni. Mchungaji wetu akiniona nainua mkono hujifanya anafunga mkutano kwa maombi. Ndiyo maana bado nina hasira na siku ile ofisini Voi, siku ambayo sikuuliza chochote.

Nilikuwa msaidizi wa mtaalamu anayeandika ripoti za mazingira. Mteja wetu alitaka kuweka mashine ya kusaga kokoto Njukini, karibu na shamba la nyanya yangu. Fomu ilikuwa na nafasi moja tupu: ardhi iliyo kati ya mashine na wakaazi ina uwezo gani wa kumeza kelele?

"Jaza, kijana," bosi aliniambia. "Kesho kuna baraza."

Nyanya huhesabu shamba lake kwa ngwe. Ngwe moja ni kipande ambacho mtu hukilima tangu alfajiri mpaka jua liwe kali, naye ana ishirini. Likizo moja nilikuwa nimepima moja kwa hatua, kwa hiyo nilijua zote ni kama ekari mbili. Simuni nikapata ukurasa wa kugeuza vipimo, wenye vipimo vya zamani vya ardhi upande mmoja, vingine vya falme zilizokufa, na vipimo vya kumeza sauti upande wa pili. Nikaandika ekari mbili, nikabonyeza. Ukatoa sabin elfu themanini na saba na ushei. Haukuuliza shamba lina mahindi, mawe au vumbi. Nami sikushangaa. Nikajaza.

Nyanya haoni vizuri tena. Analima kwa masikio. Zamu yake ya maji ikifika, husimama kwenye mfereji akisikiliza, na maji yakiwa bado mbali anajua, anafungua njia kwa jembe. Asipoyasikia, yanapita kwenda kwa jirani, na maharagwe yake yanangoja wiki nzima. Haya yote niliyajua nikiwa na ile fomu mkononi.

Usiku sikulala vizuri, nikasoma nilichopaswa kusoma kwanza. Sabin moja ni futi moja ya mraba ya dirisha lililo wazi. Ni kipimo cha chumbani: sauti ikitoka nje kwa dirisha, hairudi ndani. Basi. Nilikuwa nimemgeuza nyanya yangu dirisha.

Baraza lilifanyika darasani, asubuhi. Bosi akasoma kwa sauti ya kitaalamu, "Shamba la huyu mama peke yake linameza sabin elfu themanini na saba."

"Hizo ni nyingi?" mzee mmoja akauliza.

"Nyingi sana, mzee."

Nyanya akacheka. "Limeanza lini kumeza, shamba langu? Mwaka jana hata mbolea lilikataa."

Watu wakaangua kicheko. Nikasimama. "Chifu, hesabu hiyo niliifanya mimi, na haina maana."

"Keti, kijana," bosi akasema.

"Siketi. Kipimo hicho ni cha madirisha ya chumba. Shamba la nyanya ni chumba? Kuta zake ziko wapi?"

"Wewe ni mtaalamu wa sauti?"

"Hapana. Ndiyo sababu sikufaa kuijaza, na wewe hukufaa kuisoma."

Chifu alitutazama mmoja mmoja, akauliza kama jambo hilo haliwezi kujaribiwa. Nikasema linaweza. Kengele ya shule ni ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwa waya. Mwalimu mmoja akaibeba mpaka mahali mashine itakapowekwa, ng'ambo ya shamba, akiambiwa apige mara anazotaka bila kumwambia mtu. Sisi wengine tukaenda na nyanya mfereji ulipo, upande huu. Kama ngwe ishirini zinameza kelele, asingesikia kitu.

Aliinamisha kichwa. Sisi tulisikia pia, lakini yeye ndiye aliyehesabu.

"Kumi na moja," akasema. "Na mlio wa mwisho umepigwa na mtu aliyechoka."

Mwalimu alirudi akijikanda bega. "Kumi na moja. Ringi ni nzito, jamani."

"Kengele si mashine," bosi akasema.

"Kweli, mwanangu," nyanya akamjibu. "Mashine haichoki."

Chifu alikataa kuitia ripoti sahihi. Akasema bosi na mteja wake warudi na chombo cha kupimia kelele, na mtu anayejua kukisoma. Sijui watarudi lini. Bosi aliondoka na gari bila kunibeba. Kazi niliipoteza pale pale mferejini, mbele ya watu, na ningeipoteza tena.

Zamu ya nyanya ilikuwa alasiri ileile. Tulisimama mferejini, mimi na jembe, yeye na masikio yake. Simu yangu ikalia. Alikuwa bosi: nirudi nikaandike kwamba nilichanganyikiwa, kwamba ile hesabu ni sahihi, naye atasahau yote. Nikamwambia siandiki. Akapiga tena. Nikaanza kumweleza kwa nini, kutoka mwanzo, futi za mraba na madirisha.

Nyanya akanigonga mkononi.

"Zima hicho kitu," akasema. "Sisikii maji."

Nikazima.