Choo cha Wanawake na Watoto

Niliolewa Marangu nikitokea Moshi mjini, kwenye nyumba za reli, ambako wanaume walipanga foleni ya choo kila asubuhi, taulo begani, na hakuna aliyeona ajabu. Sikujua kwamba kule mlimani wazee walikuwa na siri yao. Zamani, kijana akishatoka jandoni ilisemekana amezibwa: haendi tena choo mpaka afe. Wanawake wote walijua ni uongo, na wote waliutunza kama yai. Mimi mwana wa kuja sikuambiwa na mtu.

Basi asubuhi moja nilivuta mlango wa choo nikamkuta baba mkwe amechuchumaa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama mkwe alinivutia jikoni, akaninong'oneza habari yote, akamalizia, "Hukuona kitu, mwanangu. Umesikia?"

Wiki hiyo hiyo kipindupindu kilikuwa kimeingia tambarare, na bwana afya akapanda kukagua vyoo. Alikuwa kijana wa mkoa mwingine, mwenye adabu zake. Akamwamkia mzee shikamoo, akachungulia shimo letu, akalisifu. Kisha akauliza wanaolitumia ni kina nani.

"Wanawake na watoto," mama mkwe akajibu.

"Na mzee?"

"Mimi siendi," mzee akasema, macho makavu.

"Basi unakwenda migombani, karibu na mfereji! Maji hayo ndiyo mnayokunywa, mzee wangu."

"Siendi popote."

Kijana wa watu akadhani anachezewa. Akanigeukia mimi. "Dada, wewe ni mtu wa mjini. Sema kweli. Mzee anatumia choo au hatumii?"

Neno moja tu lingemwokoa mzee na adhabu ya wasiotumia choo, na neno hilo hilo lingemvua nguo mbele ya wajukuu na majirani waliokwisha kujaa uani. 

"Sijawahi kumwona," nikasema.

Mzee aliamriwa kuchimba choo cha shule, peke yake, mchana kweupe. Alichimba kichwa juu, akiitikia salamu za wapita njia kana kwamba analima shamba lake. Aibu ilinishika mimi. Sikuwa hata na uso wa kumpelekea maji ya kunywa, nikamwomba wifi yangu aende.

Nilidhani yangeishia hapo. Lakini mzee alijua kwamba ninajua, na hilo hakuliweza. Choo chetu hakukikanyaga tena. Kila alfajiri nilimsikia akikohoa, akishuka migombani kuelekea mfereji, kule kule alikosingiziwa. Nami nilichota maji ya mfereji huo nikayachemsha, yakatokota, nikayaacha yatokote tena. Mama mkwe alinigombeza mbele ya watu kwamba wasichana wa mjini hawajui thamani ya kuni. Nikainamisha kichwa, nikaenda kutafuta nyingine.