Chokaa Niliyoimwaga Kwenye Mibuni

Jamani, leo nimelala kifudifudi mwenyewe kusubiri viboko, na viboko havikuja!

Mnakumbuka nilivyopaka chokaa nyumba ya mzungu wetu hapa Kijenge? Nilipoosha sufuria ya shaba niliyochanganyia, yale maji niliyamwaga kwenye mibuni nyuma ya jiko. Uvivu tu, maana mfereji uko mbali.

Leo asubuhi mzungu akatuita.

"Nani amemwaga chokaa hapa?"

Nyapara hakupepesa macho. "Huyu Mnyamwezi."

Basi nikalala chini. Tumezoea.

Nikasubiri kiboko.

Nikainua jicho. Mzungu amepiga magoti matopeni, anageuza majani! Kahawa yote shambani inaliwa na kutu, ule ugonjwa wa majani, na dawa wameikosa. Mibuni niliyoichafua mimi ndiyo mizima.

"Ulichanganya chokaa kiasi gani?"

"Sijui, bwana. Nilikuwa naosha sufuria."

Maganga, mwenzangu wa Tabora, akaninong'oneza: "Inuka, daktari! Au unasubiri uletewe mto?"

Kesho nimeamriwa nikosee tena vilevile, shamba zima, na nyapara hajakiweka kiboko chini.

Ndugu zangu, nisaidieni: mtu aliyebahatisha hurudiaje?