Kikokotoo na Cherehani ya Kudarizi

Mtaani kwetu wapo wanaosema binti yangu alitoroka deni. Hakutoroka. Katika ukoo wa marehemu mume wangu hakuna aliyewahi kumkimbia mtu, na kwa kuwa maneno yameshasambaa, nayaandika mambo kama yalivyokuwa.

Shuleni walimwita Kikokotoo. Mwalimu wa hesabu hajamaliza kuandika swali, yeye ameshanyoosha mkono. Baba yake alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu mjaribuni, wala msimwonee huruma." Walimjaribu, wakaishia kucheka kwa mshangao.

Alipomaliza masomo hakutaka ofisi. Alipanga chumba kando ya duka la dawa, akaweka cherehani ya miguu, akawa anashona sare za shule. Nembo za mifukoni ilibidi azipeleke kwa fundi mwingine, na faida ikaishia huko. Akatamani cherehani ya kudarizi, ya umeme.

Mkopeshaji mmoja alikubali kumpa laki sita. "Riba asilimia kumi," alimwambia. Binti yangu alipiga hesabu kichwani palepale: elfu sitini kwa mwaka. Akaja kunieleza, macho yanang'aa.

"Mama, hiyo si pesa! Nembo za shule moja tu zinailipa."

"Umeuliza vizuri?"

"Mama! Mimi na hesabu?"

Hesabu yenyewe haikuwa na kosa. Ila kila swali la riba alilofanya shuleni liliandikwa "kwa mwaka", na hakuwahi kukutana na swali lililonyamazia muda. Mkopeshaji alimaanisha kwa mwezi.

Akachukua mkopo, akainunua cherehani. Mwezi ulipoisha akampa mkopeshaji elfu sitini, akijua amemaliza riba ya mwaka mzima. Mwezi uliofuata yule bwana akabisha hodi tena.

"Si nilikulipa?"

"Ile ilikuwa ya mwezi uliopita, dada. Kwani wewe ulisomea wapi?"

Tangu hapo akajifungia. Angemwuliza nani? Wenzake wote ndio waliokuwa wakimwuliza yeye. Mashoga zake walipita wakakuta mlango umerudishwa, cherehani inanguruma ndani, wakaondoka. Kwangu akaacha kuja hata Jumapili. Mwishowe nikaenda mwenyewe.

"Nani?"

"Mama yako."

Alikawia kufungua. Mezani palikuwa na kikombe kimoja na sahani moja. Stuli ya wateja ilikuwa imerundikwa vitambaa hadi juu, mtu asipate pa kukaa. Nikasimama. Akanieleza yote huku akitazama sindano.

"Nitauza makochi ya baba yako," nikamwambia. "Tulimalize kimya kimya, watu wasijue."

"Wasijue nini, mama? Kwamba sikuuliza?" Akajifuta uso kwa kipande cha sare. "Nimeshapiga hesabu. Kila mwezi nalipa riba tupu, zile laki sita ziko palepale. Nikiiuza hii ya kudarizi sasa, nikaongezea akiba yangu, namaliza. Nabaki na ile ya miguu."

"Basi ipitishe uani, jioni."

"Nitaipitisha barabarani, mchana. Sikuiiba."

Ndivyo watu wa mtaa walivyomwona: Kikokotoo nyuma ya mkokoteni, cherehani imefungwa kamba, chumba kimefungwa kufuli. Wakasema anahama. Alikuwa anakwenda kwa mnunuzi, na kutoka kwa mnunuzi akaenda moja kwa moja kwa mkopeshaji, akamhesabia zote mkononi.

Siku hizi mlango uko wazi. Ukimtajia bei yoyote atakuuliza, "Ya muda gani?" Hata muuza maji anamwogopa. Nembo amerudi kuzipeleka kwa yule fundi mwingine. Mashoga hawajarudi. Stuli haina vitambaa tena, na siku nyingi haina mtu pia.

Mimi hupita hapo na gauni lisilo na kasoro, nikaketi. Binti yangu hulipokea, akalifumua pindo, akalishona upya pole pole bila kuniuliza lina nini. Nami hulipa kama mteja mwingine yeyote.