Panzi wa Saa Nne

Majirani walimwita Mama Panzi, naye aliitika bila kununa, maana jina lilikuwa la haki. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuhesabu panzi kwenye mbuga ya nyasi nyuma ya kituo cha utafiti, kila baada ya wiki mbili, mvua na kiangazi. Wavu alishonewa na mumewe, fundi cherehani, kwa kitambaa cha shuka kuukuu. Mumewe hakuacha kumtania kwamba kaoa mwanamke anayelipwa kwa kurandaranda majanini.

Mbuga ile aliijua kama jikoni kwake. Kiangazi kikikolea, hupiga wavu majanini mara hamsini akaambulia panzi watatu, wa rangi ya majani makavu, huku mayai yakisubiri chini ya udongo. Mvua zikishika, tunutu, yaani watoto wa panzi wasio na mabawa, hujaa tele, wadogo kama punje za mchele. Mvua zikielekea ukingoni, wenye mabawa hufika kilele, kisha nyasi hukauka na idadi huporomoka tena. Yote hayo yalikuwa kwenye madaftari yake, na hakuwahi kufuta namba hata moja.

Ndipo akaja mkuu mpya wa kituo, kijana mchapakazi wa kuamka alfajiri, aliyeamini kwamba mtu anayeanza kazi saa nne ana lake jambo. Mama Panzi alikuwa akiingia mbugani saa nne. Mkuu alichukua wavu mwenyewe, akaenda kipande cha tatu cha mbuga saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akapiga mara hamsini, akapata panzi wanne. Daftari la Mama Panzi, la jana yake tu, lilisema mia moja na kumi na wawili. Akamwita ofisini.

"Mama, hizi namba unazitoa wapi?"

"Mbugani."

"Mimi natoka huko sasa hivi. Ijumaa napeleka ripoti. Kama mambo ni haya, nitaandika kwamba namba zimepikwa, na madaftari yako yote yatawekwa kando."

Neno hilo, kupikwa, lilimchoma. Kufukuzwa kazi angevumilia, lakini kuitwa mwongo baada ya jua lote lile, hapana. Hata hivyo hakubishana. Alikuwa na uhakika na panzi wake.

"Kesho twende wote," alisema. "Wavu utashika wewe. Mimi sitaugusa."

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu walikuwa kipande cha tatu, suruali ya mkuu imelowa umande hadi magotini. Alipiga wavu mara hamsini, akapata watano. Alimtazama Mama Panzi kama mtu aliyekamata mwizi. Mama Panzi aliandika tano, akakaa juu ya jiwe, akamimina chai ya chupa kwenye vikombe viwili.

"Tunangoja nini?"

"Umande ukauke. Mwanangu, panzi hana blanketi. Asubuhi kapoa, kajikunyata chini kabisa kwenye mashina, wavu wako unampita juu kwa juu. Mpaka aote jua ndiyo apande."

Mkuu aliangalia saa yake mara kumi na moja. Mama Panzi alihesabu na hizo.

Saa nne kamili nyasi zilikuwa kavu. Mkuu alipiga wavu hatua chache tu kando ya njia yake ya asubuhi, na hata kabla ya mara ya kumi kitambaa kilikuwa kinatikisika. Waliwahesabu wakiwaachia mmoja mmoja, mkuu kwa sauti, sauti ikizidi kupungua kadiri namba ilivyopanda. Mia moja na sita.

Mkuu akavuta daftari.

"Hii tano tuifute, mama. Nimekosea mimi."

"Haifutwi. Ulipata watano, ni watano. Andika saa pembeni na umande, halafu weka sahihi."

Akaandika, akasaini. Kisha akafungua ukurasa wa nyuma, penye mia moja na kumi na wawili, akataka kusaini na hapo. Mama Panzi akamtoa kalamu mkononi taratibu.

"Hapo pana sahihi yangu," alisema, akamwongezea chai.